Dawa ya Shambani na Ugonjwa wa Kusahau



Katika semina moja ya matawi ya mashamba, mgeni alipomaliza kueleza habari za glavu na buti, ndugu mmoja mpuliza dawa alisimama nyuma akauliza swali ambalo halikuwamo katika ratiba. Alisema kuwa baba yake naye alibeba bomba la mgongoni kwa miaka mingi, na sasa mzee huyo hawatambui wanawe, hutoka nyumbani usiku akidai anachelewa zamu. Ndugu akauliza: "Je, ni dawa ile iliyomla ubongo? Na mimi nitafuata njia hiyo?" Mgeni akajibu kwamba swali hilo ni la madaktari, tukaenda kula chakula cha mchana. Mwandishi wa makala hii alikuwapo, na jibu lile halikumridhisha. Swali la ndugu yetu lina jibu, ingawa si la ndiyo au hapana. Tulieleze kuanzia chini.

UGONJWA WENYEWE

Kusahau mahali ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Mtu mzima yeyote husahau, na mwenye uchovu wa zamu ya usiku husahau zaidi. Ugonjwa ni pale mtu anaposahau ufunguo ni wa kazi gani. Anauliza swali lile lile mara kumi kwa saa moja, anapotea katika njia aliyoipita miaka thelathini, anashindwa kuhesabu mshahara wake, na mwisho hawezi kuvaa nguo wala kula bila kusaidiwa. Hali hii ina sababu kadhaa, na kubwa kuliko zote ni ugonjwa wa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, alianza kumwangalia mwanamke wa umri wa miaka 51 aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Mama huyo alifariki mwaka 1906, Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa darubini, na mwezi Novemba mwaka huo akawaeleza madaktari wenzake mambo mawili aliyoyaona: mabonge ya uchafu baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni wa namna moja au nyingine, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wamekosea. Huko Ibadan, Nigeria, madaktari waliwafuata wazee wa Kiyoruba kuanzia mwaka 1992, wakawalinganisha na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka wazee 1.15 katika kila 100 wa Ibadan waliingia katika Alzheimer, na wa Indianapolis 2.52. Wa Ibadan ni wachache zaidi, lakini wapo. Na katika vijiji vyetu wapo, ila huitwa majina mengine. Mara nyingine bibi kizee anayetangatanga usiku huitwa mchawi, akapigwa au akafukuzwa, kumbe ni mgonjwa.

KIWANDA NDANI YA KICHWA

Sasa tuje kwenye kazi ya ubongo. Mwenzetu wa kiwandani ataelewa upesi, kwa sababu ubongo nao unafanya kazi ya kutengeneza, kutuma na kufagia.

Chembe moja ya ubongo haigusani kabisa na nyingine. Baina yao kuna upenyo mdogo sana. Chembe ikitaka kusema na jirani yake, hutoa kemikali ambayo huvuka upenyo huo kama tarishi wa ofisini anayepeleka barua chumba cha pili. Mtu aliyelithibitisha jambo hili ni Otto Loewi. Mwaka 1921, huko Graz, nchini Austria, alichukua maji yaliyouzunguka moyo wa chura mmoja ambao mshipa wake wa fahamu ulikuwa umechochewa, akayamiminia moyo wa chura mwingine, na moyo wa pili ukapunguza mapigo kama wa kwanza. Kemikali hiyo ni asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Tarishi huyu, asetilikolini, ana kazi nyingi. Ndiye anayeambia msuli wa mkono wako ukaze kishikio cha bomba. Ndiye anayeleta mate, machozi na jasho, na anayepunguza mwendo wa moyo. Na ndani ya ubongo anahitajika sana katika kusikiliza kwa makini na kuweka jambo jipya katika kumbukumbu.

Mafundi wawili wanamhudumia. Hao ni vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemia mwilini. Wa kwanza ni mtengenezaji: huchukua kolini, kitu kinachopatikana katika chakula kama mayai na maharagwe, akaiunga na kipande kingine, tarishi akazaliwa. Wa pili ni mfagiaji. Jina lake refu ni asetilikolinesterasi, lakini sisi tumwite mfagiaji tu. Tarishi akishatoa barua yake, mfagiaji humkata vipande viwili papo hapo ili mlango uwe wazi kwa ujumbe mwingine. Mfagiaji mmoja hukata maelfu ya matarishi kwa sekunde moja. Sijui kiwanda chochote kinachofikia kasi hiyo, hata siku mkaguzi anapokuja.

Vimeng'enya hivi vinatoka wapi? Hapa ndipo jeni zinapoingia. Ndani ya kiini cha kila chembe mna ghala la ramani za vitu vyote ambavyo mwili unaweza kutengeneza. Kila ramani ni jeni. Ramani haitoki ghalani. Kitu kikihitajika, hutolewa nakala yake, nakala ikapelekwa kwa mafundi, nao wakatengeneza protini kwa kuifuata. Karibu chembe zote za mwili zina ghala lile lile, lakini chembe ya ini hainakili ramani zile zinazonakiliwa na chembe ya ubongo. Na hata chembe hiyo hiyo leo hunakili nyingi, kesho chache, kwa kadiri ya haja. Kwa hiyo wataalamu wanapochunguza jeni za vimeng'enya katika ubongo hawaulizi tu kama ramani ipo. Huuliza nakala ngapi zinatoka, na vimeng'enya vingapi vinafanya kazi. Ramani ya mfagiaji iko katika kromosomu ya 7. Ya mtengenezaji iko katika kromosomu ya 10, na jambo la kupendeza ni kwamba ndani ya ramani hiyo imo pia ramani ya mpakiaji, yaani protini inayomtia tarishi katika vifuko vya kungojea kutumwa. Utengenezaji na upakiaji vimewekwa katika faili moja.

MTENGENEZAJI ANAPUNGUA

Mwaka 1976 Peter Davies na A. J. F. Maloney wa Edinburgh walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Alzheimer. Walikuta kimeng'enya mtengenezaji kimepungua sana, hasa katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Wakati huo huo makundi mengine ya wachunguzi Uingereza, London na Newcastle, yaliona hivyo hivyo. Mwaka 1982 wachunguzi wa Baltimore, Marekani, wakapata mahali tatizo linapoanzia: chini mbele ya ubongo kuna kifundo kidogo cha chembe zinazopeleka asetilikolini katika ubongo wa juu karibu wote, na kwa wagonjwa waliowachunguza zaidi ya robo tatu ya chembe hizo zilikuwa zimekufa.

Yaani kiwanda kimefungwa, basi bidhaa haitoki. Maelezo hayo yalitosheleza watu kwa miaka ishirini. Kisha mwaka 2002 Steven DeKosky na wenzake walipima ubongo wa wazee waliofariki wakiwa ndiyo kwanza wameanza kusahau, kabla ugonjwa haujakomaa. Badala ya kukuta mtengenezaji amepungua, walikuta katika sehemu fulani ameongezeka kupita kawaida. Kwa fikra zao, chembe zilizobaki zilikuwa zikifanya kazi ya ziada kuziba pengo la zilizokufa. Mfanyakazi yeyote anaijua hali hii. Wenzako watano wameachishwa, waliobaki watatu wanafanya kazi ya wanane, na kwa muda hesabu ya mwisho wa mwezi haionyeshi upungufu wowote. Ndiyo maana ugonjwa hukaa miaka mingi bila kuonekana, na jamaa wanapotambua, mzee amekwisha poteza mengi.

Na mfagiaji je? Naye hupungua kwa jumla, maana chembe zinazomtengeneza zinakufa. Lakini huonekana amekusanyika kandokando ya yale mabonge aliyoyaona Alzheimer, na ndugu yake, kimeng'enya kingine cha ukoo huo kinachopatikana pia katika maji ya damu, huweza kuongezeka ugonjwa unapoendelea. Kwa hiyo matarishi wachache waliosalia wanazidi kufagiwa.

Madaktari wakapata wazo: ikiwa hatuwezi kuongeza matarishi, basi tumzuie mfagiaji, ili wachache waliopo wakae mlangoni muda mrefu zaidi. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1993, ikaharibu maini ya watu na baadaye ikaachwa. Mwaka 1996 ikaja donepezil, kisha rivastigmine na galantamine. Rivastigmine imefuata mfano wa sumu iliyomo katika haragwe la Calabar, mmea wa Nigeria ya kusini mashariki, ambalo zamani mshitakiwa alilishwa ili kupima kama ana hatia. Dawa hizi tatu bado zinatumika. Hazifufui chembe iliyokufa wala hazizuii ugonjwa kusonga mbele. Zinampa mgonjwa nafuu kidogo kwa muda, na si kila mgonjwa. Baadhi huhara, hutapika, na moyo wao hupiga polepole.

Kuhara, kutapika, moyo polepole. Wapuliza dawa, mnaitambua orodha hii?

DAWA NA SUMU

Lugha yetu inatudanganya hapa. Kiswahili kinatumia neno moja, dawa, kwa kidonge cha zahanati na kwa kilichomo ndani ya bomba. Mnyapara husema "nendeni mkachanganye dawa", na kijana mgeni husikia kitu cha kuponya. Kwenye kopo pamechorwa fuvu la kichwa.

Dawa nyingi za kuua wadudu za jamii ya fosfati zinafanya kazi moja tu, nayo ni kumzuia mfagiaji. Ni kimeng'enya kile kile ambacho vidonge vya Alzheimer vinakizuia. Mdudu anaye mfagiaji, nasi tunaye, na sumu haimwulizi mtu kama yeye ni mdudu au ni baba wa watoto sita. Historia yake inafaa kujulikana. Mjerumani Gerhard Schrader, akitafuta dawa za wadudu katika miaka ya 1930, alipata tabun mwaka 1936 na sarin miaka miwili baadaye. Hizo zilichukuliwa na jeshi kuwa silaha za kuulia watu. Vitu dhaifu zaidi vya ukoo huo vilikwenda mashambani. Hivyo bomba la mgongoni na silaha ile ni jamaa wa karibu.

Tofauti baina ya kidonge na sumu ni mbili. Kwanza ni kipimo: kidonge huhesabiwa kwa miligramu na daktari huanza na kidogo, lakini sumu huingia mwilini kupitia ngozi, hewa na mikono isiyooshwa, na hakuna anayeihesabu. Pili ni namna ya kushika. Kidonge humshika mfagiaji kisha humwachia. Fosfati humng'ang'ania, na nyingi kati yake, zikikaa kwa muda, humkaza kwa namna ambayo hawezi kufunguliwa tena. Mfagiaji huyo amekwisha. Hapo mwili hauna budi kutengeneza mwingine kutoka kwenye ramani. Zile za jamii ya kabamati huachia upesi zaidi, kwa saa chache au siku moja hivi, lakini zikiwa nyingi nazo huua.

Mfagiaji akizuiwa, matarishi hujaa kila mlango. Mate na machozi humwagika, jasho hutoka, mboni ya jicho huwa ndogo kama tundu la sindano, macho huona ukungu, kifua hubana, tumbo hukata, misuli huchezacheza, na ikizidi mtu hupata degedege na pumzi hukoma. Mwenzako akipatwa, mtoe pale penye dawa, mvue nguo zote zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku wewe umevaa glavu, na mpeleke hospitali haraka pamoja na kopo au karatasi yake. Madaktari wanayo atropini, ambayo huwazuia matarishi wasisikike. Maziwa hayasaidii, ingawa kila shamba lina mtu anayeapa kuwa yanasaidia.

Jambo jingine la kuangalia: mtu asije akasema kuwa, kwa kuwa kidonge na bomba vinazuia kimeng'enya kimoja, basi kupuliza kunamkinga na Alzheimer. Hapana. Na mzee anayemeza vidonge hivyo huku bado anafanya kazi penye kupulizia amweleze daktari, maana vitu vyote viwili vinavuta kamba upande mmoja.

Sasa turudi kwa ndugu yetu na swali lake. Mwaka 1998 Hermona Soreq na wenzake wa Jerusalem walichapisha uchunguzi juu ya ubongo wa panya. Panya walipotiwa katika mashaka makubwa, au walipopewa kemikali za kumzuia mfagiaji, jeni zao zilibadili kazi. Jeni ya mfagiaji ilianza kutoa nakala nyingi, na jeni za mtengenezaji na mpakiaji zikapunguza. Ubongo ulikuwa ukijitetea: matarishi wamezidi, basi ongeza wafagiaji, punguza watengenezaji. Ni utaratibu wa busara kwa siku moja. Lakini mabadiliko hayo yalidumu muda mrefu baada ya kichocheo chenyewe kupita. Panya si mtu, wala uchunguzi huu hauthibitishi kuwa mpuliza dawa ataugua Alzheimer. Unachoonyesha ni kwamba sumu haipiti tu ikaenda zake. Inafika mpaka kwenye ghala la ramani na kubadili maagizo.

Kwa upande wa watu, uchunguzi unaotuhusu zaidi ulifanyika katika wilaya ya Cache, jimbo la Utah, Marekani, sehemu ya wakulima. Wazee zaidi ya 3,000 waliulizwa kazi walizozifanya maishani, kisha wakafuatwa miaka kadhaa. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa waliofanya kazi na dawa za wadudu walipata Alzheimer zaidi ya wengine. Waliotumia jamii ya fosfati walikuwa na hatari karibu mara moja na nusu ya wale ambao hawakuzitumia. Tuelewe maana yake. Si kwamba kila aliyepuliza aliugua, wala si kwamba asiyepuliza alisalimika. Wengi waliopuliza walizeeka na akili zao timamu. Ni kama barabara mbaya: haimwangushi kila mpita njia, lakini wanaoanguka ni wengi kuliko kwenye barabara njema.

Kwa hiyo ndugu, hatuwezi kusema kwamba ugonjwa wa mzee wako ulitokana na bomba. Sababu kubwa kuliko zote ni umri. Zipo pia jeni za kurithi, kama ile inayoitwa APOE namba 4, iliyotambuliwa mwaka 1993, ingawa kwa Wayoruba wa Ibadan haikuonekana kuleta hatari kwa nguvu ile ile iliyoonekana kwingine. Lakini kampuni nayo isiseme kuwa hakuna lolote. Hatari imeonekana, na namna kimeng'enya kinavyoharibika inajulikana. Tena dawa inayomtoa mtu povu leo haihitaji kungojewa mpaka uzeeni ndipo ishitakiwe.

KIPIMO CHA DAMU

Hapa ndipo tunapowaomba viongozi wa matawi wakae chini na kusoma mara mbili.

Mfagiaji huyu hayumo katika ubongo pekee. Yumo pia juu ya chembe nyekundu za damu. Hatuwezi kufungua kichwa cha mfanyakazi kuona hali ya vimeng'enya vyake, lakini tunaweza kumtoa damu kidogo. Na chembe nyekundu ya damu ina jambo moja la pekee: haina kiini, yaani haina ghala la ramani. Kimeng'enya chake kikiharibiwa na fosfati haiwezi kuagiza kingine. Itabaki hivyo mpaka ife, na chembe nyekundu huishi miezi minne hivi. Kwa hiyo damu huweka kumbukumbu ya sumu iliyoingia kwa muda mrefu baada ya kichwa kuacha kuuma. Ni kitabu cha mahudhurio ambacho mnyapara hawezi kukifuta.

Lakini kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi, maana watu wanatofautiana kwa asili. Kiasi kilicho cha kawaida kwako ni kidogo kwangu. Hapana budi mtu apimwe kabla ya msimu wa kupuliza, akiwa hajagusa dawa kwa muda, kipimo hicho kiandikwe, ndipo vya baadaye vilinganishwe nacho. Jimbo la California limekuwa na sheria hii tangu mwaka 1974. Kipimo kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha mwanzo, mwajiri lazima akague namna kazi inavyofanyika. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikifika asilimia 70 au chini yake, au kile cha maji ya damu kikifika asilimia 60, mfanyakazi huondolewa penye dawa hizo, na harudi mpaka kipimo kipande tena kufikia asilimia 80.

Mtu ambaye kimeng'enya chake kimeshuka polepole kwa wiki nyingi anaweza kujiona mzima kabisa. Mwili umezoea. Anaumwa kichwa kidogo, halali vizuri, anasahau, anagombana na mkewe bila sababu. Siku moja anapuliza kiasi kile kile cha jana na anaanguka. Hapo husemwa kuwa alikuwa amelewa.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinaonyesha fosfati na kabamati tu. Paraquat haionekani, glyphosate haionekani, wala dawa za jamii ya pairethroidi. Kwa hiyo tawi likubali kipimo, lakini lisikubali kuambiwa kuwa damu ikiwa nzuri basi kila kitu ni kizuri.

Katika mkataba wa kazi tawi linaweza kudai kipimo cha mwanzo na cha kila mwezi wakati wa kupuliza, kwa gharama ya mwajiri. Kila mfanyakazi apewe nakala ya majibu yake mwenyewe. Anayeondolewa penye dawa apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara, maana bila kifungu hiki hakuna mtu atakayekubali kupimwa, tena ana haki asikubali. Bafu na sabuni viwe kazini, nguo za kazi zifuliwe huko huko, zisipelekwe kwa mama na watoto. Na pawe na daftari la kupuliza linaloandika tarehe, jina la dawa, kipimo, shamba na majina ya waliopuliza. Daftari hilo ndilo litakalozungumza baada ya miaka ishirini, mtu atakapodai fidia. Baba wa ndugu yetu hana hata karatasi moja inayosema alipuliza nini, na hapo ndipo dai lolote lake linapokwama.

Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unampa mfanyakazi haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na haki ya kujiondoa penye hatari kubwa ya papo kwa papo bila kuadhibiwa. Viongozi waulize kama serikali yao imeutia sahihi, na kama haijatia, waulize sababu.

WENZETU WA VIWANDANI

Msidhani makala hii si yenu. Tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangepunguza au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya magonjwa haya ya akili za uzeeni. Moja la uzito mkubwa ni kupoteza usikivu wa masikio. Yamo pia shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, hewa chafu, kuumia kichwa, na kukosa elimu utotoni. Mashine ya kukoboa inayokunyima usikivu ukiwa na miaka 45 inakudai pia kumbukumbu yako ya miaka 70. Basi vizibo vya masikio na kofia ngumu ni ulinzi wa ubongo.

Dawa mpya zimetoka. Lecanemab ilipata ruhusa kamili Marekani mwaka 2023, na donanemab mwaka 2024. Hizi huondoa yale mabonge, na hupunguza kidogo mwendo wa ugonjwa kwa walio mwanzoni. Hutiwa kwa mshipa, huhitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuleta uvimbe na damu kuvuja ndani ya ubongo, na lecanemab ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Yako pia majaribio yaliyoshindwa. Mwaka 1999 ilitambuliwa jeni ya kimeng'enya kinachokata protini na kuanzisha mabonge, ikaonekana kuwa kimeng'enya hicho kikizuiwa kazi imekwisha. Dawa za kukizuia zilijaribiwa kwa watu maelfu, na majaribio makubwa yakasimamishwa, maana wagonjwa hawakupata nafuu na baadhi walizidi kuharibika. Kimeng'enya hicho kilikuwa na kazi nyingine za haki katika ubongo.

MATAWI YAFANYE NINI SASA

Mwakilishi wa kila tawi la shamba aende stoo ya dawa akiwa na kalamu, anakili jina la kemikali yenyewe lililochapwa kwa herufi ndogo kwenye kopo, si jina la biashara lililo kubwa juu. Fosfati mtazikuta kwa majina kama chlorpyrifos, dimethoate, malathion, diazinon na profenofos. Kabamati ni kama carbaryl, methomyl na carbofuran. Chlorpyrifos iliondolewa sokoni katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm ziliamua kuiingiza katika orodha ya kemikali za kukomeshwa, ingawa ziliacha matumizi fulani yaendelee kwa muda. Palipo na kopo lake, tawi liulize shamba lina mpango gani wa kuiacha, na lini.

Majina hayo yaletwe katika kikao kijacho cha kamati ya usalama, pamoja na hesabu ya wanaopuliza na miaka waliyokwisha puliza. Wastaafu wasiachwe nje ya hesabu. Pale ambapo mzee hawezi tena kueleza mwenyewe, aulizwe mkewe, au mwenzake wa mstari wa jirani.